Kebo ya Mafuta ya Bodaboda: Dalili za Kuchakaa na Namna ya Kuibadilisha

Njia nyingi za Iguhu ni za kupanda na kushuka. Anayetoka kijijini kwenda sokoni, hospitalini, au hadi Sigalagala kwenye barabara kuu ya Kakamega–Kisumu, hushuka bonde, huvuka mto au kijito, kisha hupanda upande wa pili. Kwa wengi safari hiyo ni ya bodaboda. Mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Iguhu usiku, mtoto anayewahi shule, gunia la mahindi, kijana anayekwenda kwenye mashimo ya dhahabu: wote hutegemea jambo moja ambalo abiria hafikirii hata kidogo. Wanategemea kwamba mhudumu akiachilia mshiko wa mafuta, injini itatulia.

Kazi hiyo hufanywa na waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mafundi wengi huuita kebo ya aksileta. Wengine husema kebo ya mafuta, ingawa mafuta yenyewe hayapiti humo. Bei yake dukani ni shilingi mia chache. Labda kwa sababu ya bei hiyo ndogo, ni spea ambayo wahudumu wengi hawaikumbuki mpaka ikatike. Oili ya injini hubadilishwa, cheni hukazwa, matairi hununuliwa, lakini kebo huachwa ijiendee yenyewe miaka nenda rudi.

Muundo wake si mgumu kuuelewa. Nje kuna kava, yaani chuma kilichosokotwa kama springi ndefu na kufunikwa kwa plastiki. Ndani kuna waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi za chuma, na kila ncha ina kichwa kidogo cha chuma kinachoshika mahali pake. Mwendeshaji akizungusha mshiko wa mkono wa kulia, waya wa ndani huvutwa na kuinua kipande kidogo kilicho ndani ya kabureta, ambacho mafundi hukiita slaidi. Slaidi ikipanda, hewa na petroli huingia kwa wingi na injini huongeza kasi. Katika aina nyingine za pikipiki hakuna slaidi inayovutwa moja kwa moja, bali bamba jembamba linalozunguka kama kipepeo. Kanuni ni ileile.

La muhimu kufahamu ni kwamba kebo hii inajua kuvuta tu. Haijui kusukuma. Kinachofunga mafuta mwendeshaji anapoachilia mshiko si mkono wake, ni springi ya kabureta. Katika boti za usukani, zikiwemo zinazotumika Ziwa Viktoria, kebo ya kasi hutengenezwa ngumu ili ivute na isukume, hivyo nahodha akirudisha mkono wa kasi nyuma anaifunga injini kwa nguvu zake mwenyewe. Pikipiki kubwa nazo huwekwa kebo mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Lakini hizi za bodaboda, zenye injini ya cc 100 hadi 150, aghalabu zina kebo moja. Waya ukikwama ndani ya kava, mhudumu anaweza kurudisha mshiko hadi mwisho na injini ikaendelea kuvuma vilevile, kwa sababu alichofanya ni kulegeza waya upande wake tu. Upande wa kabureta haukusikia lolote.

Kwa nini kebo huchakaa mapema huku

Mvua ya Kakamega ni nyingi, na udongo wa njia za ndani ni mwekundu na mlaini. Maji huingilia juu, pale kebo inapotoka kwenye mshiko, na kushuka ndani ya kava. Yakibeba vumbi, hugeuka tope laini ambalo hukauka kiangazi na kuusugua waya kama msasa. Baadaye kutu hufuata. Pikipiki inayolala nje bila kufunikwa huumia zaidi, na ile inayooshwa kwa mashine ya maji yenye nguvu mtoni au kwenye kituo cha kuoshea magari huingiziwa maji hata siku ambazo mvua haijanyesha.

Sababu nyingine hutokana na mapambo na vifaa vya kuongeza. Miavuli mikubwa ya kuzuia jua na mvua hufungwa kwa vyuma vinavyobana usukani. Vishikio vya simu, vioo vya kukinga upepo na mikoba ya mbele nayo hufungwa hapohapo. Kila kimojawapo kikibana kava ya kebo, waya wa ndani husuguana na chuma mahali pamoja kila mara usukani unapogeuzwa. Plastiki hupasuka, maji hupata mlango, na sehemu hiyo ndiyo huwa ya kwanza kukwama. Mshiko wenyewe pia huchangia. Raba iliyovimba au iliyosukumwa ndani sana husugua kisanduku cha swichi na kukataa kurudi, na hapo kebo hulaumiwa bure.

Dalili huanza taratibu, na ndiyo maana huzoeleka. Mshiko huwa mzito kidogo asubuhi. Injini huchelewa kutulia baada ya kuachiliwa. Abiria mzoefu huweza kusikia mambo haya kabla ya mwenye pikipiki. Chukua mfano wa mama anayepanda kila siku na kijana mmoja:

"Mwanangu, mbona leo inanguruma hivi na tumesimama?"

"Ni baridi tu, mama. Ikishika moto itanyamaza."

Pengine ni baridi kweli. Pikipiki za kabureta huwa na choki, na ikisahaulika ikiwa wazi injini huvuma. Lakini ikiwa kelele hupanda na kushuka kila usukani unapogeuzwa kushoto au kulia, si baridi. Hiyo ni kebo iliyobanwa au iliyopitishwa vibaya, na itakuja kuvuta mafuta yenyewe kwenye kona.

Vipimo vya dakika tano

Kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa. Mshiko huzungushwa hadi mwisho kisha huachiliwa ghafla. Unapaswa kurudi wenyewe mara moja, kwa mlio mdogo wa kugonga ndani ya kabureta. Hilo lirudiwe usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umegeuzwa kushoto kabisa, na ukiwa umegeuzwa kulia kabisa. Mshiko unaorudi kwa kusitasita katika sehemu yoyote kati ya hizo tatu umefeli.

Kipimo cha pili hufanywa pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, gia ikiwa nyutro na injini ikinguruma polepole. Usukani hugeuzwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kugusa mafuta. Sauti isibadilike hata kidogo.

Kisha kuna macho. Kwenye ncha ya chini, pale waya unapoingia kabureta, na kwenye ncha ya juu ndani ya kisanduku cha swichi, nyuzi zinapaswa kuwa zimelala pamoja. Uzi mmoja ukikatika husimama kama mwiba. Hapo hakuna tena suala la kupaka mafuta wala kusubiri mwisho wa mwezi, maana nyuzi zilizobaki zimebeba mzigo wa ile iliyokatika na zitaifuata. Mbaya zaidi, mwiba huo unaweza kunasa kwenye mdomo wa kava mafuta yakiwa yamefunguliwa.

Fundi makini hatabadilisha kebo kabla ya kujua kama kweli ndiyo yenye kosa. Huichomoa upande wa kabureta na kuvuta waya kwa vidole. Ukiteleza vizuri, basi ugonjwa uko kwingine: slaidi imeshika uchafu, springi imechoka, au mshiko ndio umekauka. Wapo waliobadilisha kebo mara tatu kwa mwaka ilhali shida ilikuwa mchanga ndani ya kabureta.

Kebo ambayo bado haijaumia inaweza kusaidiwa kwa oili nyepesi ya mashine, inayodondoshwa kutoka juu hadi itokee chini. Zamani mafundi walitengeneza mrija wa kumiminia kwa mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini kipande cha chubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye ncha ya kava hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Grisi nzito isiingizwe ndani ya kebo, kwa kuwa hushika vumbi na kuganda. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini nayo si dawa. Imejaa vumbi la chuma.

Kuibadilisha

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vingi: bisibisi, spana chache, koleo, kitambaa safi na mwanga wa kutosha. Ifanywe injini ikiwa imepoa, mbali na jiko au mtu anayevuta sigara, kwa kuwa katika pikipiki nyingi tangi hulazimika kuinuliwa au kutolewa na petroli kidogo humwagika. Koki ya mafuta hufungwa kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, njia ya kebo ya zamani ipigwe picha kwa simu kuanzia kwenye mshiko hadi kwenye kabureta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kebo mpya iliyopitishwa upande usio wake wa shingo ya usukani itakuwa fupi upande mmoja wa kona, na itaongeza kasi bila kuombwa. Wengine hufunga uzi kwenye ncha ya kebo ya zamani kabla ya kuitoa. Ikivutwa, uzi hubaki umelala kwenye njia ileile, na kebo mpya hufuata uzi huo.

Kebo mpya hulinganishwa na ya zamani ikiwa bado mkononi mwa muuzaji. Zilazwe sambamba. Urefu wa kava uwe sawa, urefu wa waya unaojitokeza uwe sawa, na vichwa vya ncha zote mbili viwe vya umbo na unene uleule. Kuambiwa kwamba "hii inaingia pikipiki zote" hakutoshi. Kebo ya Bajaj Boxer na ya TVS zinaweza kufanana kwa macho zikiwa zimening'inizwa ukutani, na bado zikapishana kwa sentimita kadhaa.

Juu, skrubu mbili za kisanduku cha swichi hufunguliwa na kichwa cha waya hutolewa kwenye kijitundu chake. Chini, kwenye kabureta ya slaidi, kifuniko cha juu hufunguliwa kwa mkono na slaidi hutoka pamoja na springi na sindano yake. Springi hubanwa juu kwa vidole, waya hulegea, na kichwa chake huteremshwa hadi kitoke. Sindano ishikwe kwa uangalifu. Ina kipini kidogo kilichokaa kwenye mfereji mmojawapo kati ya kadhaa, na mfereji huo ndio unaoamua kiasi cha petroli. Kikihamishwa bila kukusudia, pikipiki itaanza kunywa mafuta kupita kiasi au kukosa nguvu mlimani, na hakuna atakayekumbuka kwamba lilianzia kwenye kebo.

Wakati wa kurudisha, slaidi ina mfereji ubavuni unaopaswa kuingia kwenye kijino kilicho ndani ya kabureta. Ikielekezwa sawasawa hushuka yenyewe kwa uzito wake. Ikikataa, igeuzwe taratibu mpaka ikubali. Isigongwe wala kukazwa kwa kifuniko, kwa maana slaidi iliyoingizwa kwa nguvu hunasa ikiwa juu, na pikipiki huwaka ikiwa imefungua mafuta yote.

Kebo mpya ipite mbali na bomba la moshi na mapezi ya injini, isibanwe kati ya tangi na fremu, na ipinde kwa mduara mpana. Kona kali huua kebo hata ikiwa mpya. Baada ya hapo hurekebishwa. Kwenye ncha ya juu au ya chini kuna skrubu yenye nati ya kuifungia. Hukazwa au kulegezwa mpaka mshiko uwe na nafasi ndogo ya kuchezacheza kabla injini haijaitikia, katika pikipiki nyingi milimita 2 hadi 6 zikipimwa kwenye ukingo wa mshiko. Kitabu cha pikipiki hutaja kipimo chake hasa, na hicho ndicho cha kufuatwa. Nafasi ikikosekana kabisa, slaidi haifungi hadi mwisho. Ikizidi, mwendeshaji huzungusha mshiko bila kupata kitu na nguvu hupungua mlimani.

Vipimo viwili vya mwanzo hurudiwa vyote kabla ya pikipiki kutoka karakana. Safari ya kwanza iwe fupi, mahali tambarare, bila abiria.

Ipo pia desturi ya kuunga. Waya uliokatika hufungwa fundo au huunganishwa kwa kipande cha waya wa klachi ya zamani ili siku iishe. Fundo halipiti ndani ya kava, hivyo huwekwa nje, na siku linaposogea likaegemea mdomo wa kava huzuia waya kurudi. Aliyeunga kebo ili afike nyumbani pekee yake, polepole, ameeleweka. Kupakia abiria kwa kebo iliyoungwa ni jambo lingine.

Ikikwama njiani

Kebo ikikatika, mara nyingi springi hushusha slaidi na injini hutulia yenyewe. Hatari hapo ni kukosa nguvu katikati ya mlima na lori likiwa nyuma. Mhudumu aonyeshe ishara, atoke kando upande wa kushoto, na abiria ashuke kabla pikipiki haijaanza kurudi nyuma.

Kebo ikikwama mafuta yakiwa wazi, mambo ni tofauti, na hakuna muda wa kuwaza. Mkono wa kushoto ubane klachi mara moja. Injini italia kwa kelele kubwa, lakini gurudumu halitasukumwa tena. Kidole cha mkono wa kulia kizime swichi nyekundu ya injini, breki zote mbili zishikwe kwa pamoja bila kukabwa ghafla, na pikipiki itolewe barabarani. Wengi waliopata ajali ya namna hii walijaribu kupambana na mshiko kwanza, au walikanyaga breki injini ikiwa bado inavuta. Klachi ndiyo mwanzo.

Swichi ya kuzimia ikiwa haifanyi kazi, ufunguo huzungushwa hatua moja tu hadi sehemu ya kuzima. Ukipitishwa zaidi huweza kufunga usukani. Pikipiki nyingi za kazi zina swichi hiyo ikiwa imekufa au imeondolewa kabisa, kwa kuwa mwenyewe huzima kwa ufunguo kila siku na haoni haja yake. Kuirudisha ni kazi ndogo kwa fundi wa umeme wa pikipiki, na ifanywe siku ileile kebo inapobadilishwa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu chombo chenye ubovu unaohatarisha watu kuendeshwa barabarani. Sheria hiyo pia inamtaka mhudumu awe na kofia ya kujikinga na koti la kuakisi mwanga, ampe abiria wake vivyo hivyo, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Idadi hiyo inahusu hata breki na kebo, maana pikipiki iliyopakia watatu kwenye mteremko huchukua umbali mrefu zaidi kusimama baada ya mafuta kufungwa. Mwenye pikipiki anayeikodisha kwa siku asimwachie mhudumu peke yake gharama ya spea za usalama. Mhudumu ambaye kebo inakatwa kwenye mapato yake ya siku ataahirisha mpaka kesho, na kesho pia.

Abiria anayo haki ya kuuliza na haki ya kushuka. Hahitaji kujua ufundi. Akisikia injini ikipanda kelele yenyewe kwenye kona, au akiona mhudumu akiurudisha mshiko mbele kwa nguvu kila anapotaka kupunguza mwendo, hiyo inatosha.

Kwa wanaosafiri mbali na karakana, kebo ya ziada iwekwe chini ya kiti ikiwa imezungushwa kwa duara pana na kufungwa kwa kitambaa, isikunjwe ili ienee. Ile ya zamani ikitolewa ikatwe vipande viwili kwa koleo. Ikiachwa nzima kwenye sakafu ya karakana, kuna mtu ataiokota na kuifunga kwenye pikipiki nyingine.